Fundi Chokaa na Kilima cha Kisimani

Wewe unayesoma hapa, umewahi kumwambia mama mkwe wako kwamba nyumba yake imejengwa ndani ya dimbwi? Hujawahi. Basi usimcheke Shafii Chilumba mapema. Ngoja kwanza ufike naye pale alipofika, mbele ya ukuta mweupe, brashi mkononi, mdomo umemkauka kwa swaumu na kwa woga, na mwenyewe hajui kipi kimeukausha zaidi.

Shafii ni fundi chokaa wa Ufukoni, Mtwara mjini. Usimwite fundi rangi. Ukimwita hivyo atakusahihisha, kwa upole lakini kwa muda mrefu. Rangi, kwake, ni kitu cha kopo, na kopo hata mlevi anaweza kulifungua. Chokaa inalowekwa, inachujwa kwa kitambaa, inatiwa chumvi kidogo ili ishike, inapakwa asubuhi ukuta ukiwa bado na ubaridi wa usiku. Ana brashi ya katani ambayo mkewe, Mwanaidi, anasema anaifunika vizuri kuliko alivyowahi kumfunika mtoto wao Hawa. Yeye mwenyewe ni mrefu, mwembamba, na kila jioni nywele zake na nyusi zake huwa nyeupe, kiasi kwamba majirani walimwona mzee tangu ujanani. Sasa anazeeka kweli na hakuna anayeona tofauti.

Ufundi huo alifundishwa na mtu ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wake, marehemu Mzee Chande. Mzee Chande alikuwa na jambo lake moja: katika kila pipa la chokaa alitia nili kidogo, ile ya kufulia nguo nyeupe, na kuta zake zikawa na weupe wenye buluu ya mbali, buluu ambayo huioni mpaka usimame karibu. Alipofariki, Shafii aliacha kutia nili. Hakumtangazia mtu. Aliona tu kwamba buluu ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe kaondoka.

Kazi moja, hata hivyo, aliirithi bila kuulizwa. Kila mwaka, Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, yeye huipaka chokaa nyumba ya mama mkwe wake, Bi Sabra, iliyoko mtaa wa Kisimani, nyumba ambayo Mzee Chande aliijenga kwa mikono yake. Akimaliza hapo, Kisimani nzima humwita, kwa sababu hakuna anayetaka Idi imkute na ukuta mchafu jirani na ukuta wa Bi Sabra. Kwa hiyo ikifika siku ya takbira mtaa mzima unang'aa, na Shafii anatembea katikati yake polepole kuliko inavyohitajika.

Kati yake na Bi Sabra kuna heshima ya ukwe, tena ile nzito ya watu wa zamani. Akiukaribia uwanja wake anakohoa kwanza. Akimwona barazani anazunguka nyuma ya nyumba. Hajawahi kula mbele yake, na kusema naye uso kwa uso ndiyo kabisa. Maneno yao hupita kwa Mwanaidi. Bi Sabra anakuwa barazani, Shafii uani, Mwanaidi kwenye mlango wa kati, na sentensi moja inasafiri kama mzigo wa bandarini: inapakuliwa, inakaguliwa, inapakiwa upya, ikifika imepungua. Ndiyo maana Shafii aliipenda kazi ile ya chokaa. Mtu asiyeweza kumwambia mkwewe "nakuheshimu" anaweza kumpakia ukuta.

Shida ya Kisimani ni maji. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana pa kwenda, yanakaa. Yanapanda barazani, yanaingia ndani bila hodi, yanalala siku mbili tatu. Hapo Bi Sabra hana budi kuhamia kwa mkwewe, na nyumba ya Shafii inageuka kambi ya adabu. Mtu aliyezoea kukaa uani kifua wazi, msuli wake kiunoni, akisikiliza mpira redioni, anajikuta amevaa kanzu siku ya Jumanne. Anakohoa akielekea chooni, anakohoa akirudi. Mwaka jana alikohoa sana mpaka jirani akamletea dawa ya mbuyu na tangawizi.

Ila usidhani Bi Sabra aliifurahia hali hiyo. Mwezi wa Januari mwaka huu, maji yalipokwisha, alirudi kwake, akatoa tope, akaanika godoro, kisha akamwita binti yake. "Haya ni ya mwisho, Mwanaidi. Maji yakiingia tena siji kwenu. Nakwenda Msimbati kwa kaka yangu, na mlango huu mtaupigilia misumari. Siwezi kuzeeka nikiwa mgeni kwa mkwe."

Ungetarajia Shafii apumue. Redio yake, msuli wake, uani kwake. Lakini aliporudi jioni akamkuta Mwanaidi anachambua mchele uleule kwa mara ya pili, machozi yakidondokea kwenye ungo. Hakuuliza. Usiku huo redio haikuwashwa.

Ndipo ukaja mradi wa ramani ya mafuriko. Haukuja na magari wala mabango. Ulikuja na Neema, binti wa mwalimu mmoja wa Shangani, aliyetoka chuoni mwaka juzi, na wenzake wachache wenye viatu vya matope na vishikwambi. Kazi yao ilikuwa kuchora mahali maji yanapokaa, kuanzia vijiji vya mdomoni mwa Mto Ruvuma mpaka mitaa ya mjini, kisha ramani hiyo ipelekwe kwenye kikao cha kupanga mitaro. Kwenye ramani ukionekana uko bondeni, utachimbiwa mtaro kabla ya mvua zijazo. Ukionekana uko juu, utapongezwa.

Na hapo ndipo mtu mwenye damu ya moto anapotaka kusimama juu ya meza. Nchi hii ina watu wanaokanyaga maji kila mwaka, wanabeba wazazi mgongoni kuwavusha, halafu maisha yao yanaamuliwa kwa picha iliyopigwa kutoka angani na chombo ambacho hakijawahi kulowa. Picha ile ni ya bure, na kwa wasio na bajeti ya vipimo vya gharama ndiyo iliyopo. Sawa. Lakini tunaitumia kama shahidi aliyeapa, ilhali ni mpita njia tu aliyechungulia kwa juu. Haya, tushuke mezani, Neema amefika Kisimani.

Alimkuta Shafii amekaa kwenye kivuli cha ukuta aliomaliza kuupaka, pamoja na Yusufu, mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni rafiki yake tangu jandoni na hajawahi kumwachia utani tangu siku hiyo.

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu," Yusufu alisema. "Umekuja kutuchora?"

Neema akamwonyesha kishikwambi. Yusufu alikitazama kwa kukiweka mbali, maana miwani aliiacha nyumbani makusudi asionekane mzee. Mabonde yalikuwa ya kijani, miinuko ya kahawia. Kisimani ilikuwa kahawia iliyokolea.

"Hapa ndipo tulipo?"

"Hapa hapa."

"Na hii kahawia ni nini?"

"Kilima."

Yusufu akamgeukia Shafii taratibu. "Umesikia? Tunaishi kilimani. Ndiyo maana napumua kwa shida siku hizi, nilidhani ni umri."

"Ramani imekosea, mwenyekiti," Neema alisema. "Setilaiti inaangalia kutoka juu. Palipo na miti iliyosongamana haifiki chini. Inaona vichwa vya minazi, inadhani hiyo ndiyo ardhi."

"Kwa hiyo imepima madafu."

"Imepima madafu."

"Na kule Msimbati, kwa akina mkwe wa huyu?"

"Kule mikoko yote ya mdomoni mwa mto imetokea kama kilima kirefu. Mtu akijenga zahanati juu ya kilima kile, siku ya kufungua atakuta kaa wameshapanga foleni."

Yusufu alicheka mpaka akakumbuka amefunga. Shafii hakucheka. Alikuwa anafikiria misumari ya mlango wa Bi Sabra.

"Inarekebishwaje, binti?" aliuliza.

"Kwa ushahidi wa hapa chini. Maji yakiingia nyumbani yanaacha mstari wa tope ukutani. Naupima ulipofika. Nikipata mistari ya kutosha, nikapata na neno la wenye nyumba kwamba ndiyo, yaliingia, basi naifuta hiyo kahawia na kikao hakina la kusema." Kisha akainua macho akazitazama nyumba za Kisimani, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mtaa. Zote zilikuwa nyeupe pee, kama mayai kwenye trei. "Mbona hakuna hata mstari mmoja?"

Yusufu akamnyooshea kidole mwenzake bila kusema.

"Idi inakuja," Shafii alisema. Huo ndio utetezi wote aliokuwa nao.

Likabaki neno la wenye nyumba, na Neema akaanza pale ambapo mtaa mzima ungeanza, kwa Bi Sabra. Shafii aliposikia hivyo alikohoa, akahamia nyuma ya mnazi. Mnazi ni mwembamba, yeye naye ni mwembamba, kwa hiyo walisitiriana vizuri.

Bi Sabra alikuwa amekaa barazani na juzuu yake mapajani. Alimpokea Neema kwa ukarimu, akamsogezea mkeka, akamuuliza habari za nyumbani, za mama, za kazi. Neema naye akauliza lake: bibi, mwezi wa kwanza maji yalifika wapi?

"Maji? Maji gani?"

"Ya mvua, bibi. Yale yaliyoingia ndani."

"Kwangu?" Bi Sabra aliweka alama kwenye juzuu, akaifunga. "Nyumba hii tangu ijengwe haijaingia maji, mwanangu. Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kujenga ovyo. Andika hivyo."

Nyuma ya mlango uliokuwa wazi miguu ya kitanda chake ilionekana imesimama juu ya matofali. Yusufu, ambaye Januari alilibeba godoro la kitanda kile kichwani, maji yakimfika mapajani, aliinua uso akachunguza mawingu kwa makini. Kumkanusha Bi Sabra barazani kwake, mwezi mtukufu, hata mwenyekiti hathubutu. Na kutoka nyuma ya mnazi palisikika kikohozi kidogo, basi.

Hayo yangeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini habari zilitangulia mbele ya Neema. Kila nyumba aliyoingia alikuta jibu limeshaandaliwa: kama kwa Bi Sabra hayajaingia, kwangu yamepitia wapi? Watu wale wale waliokuwa wakiogelea Januari wakakataa katakata kwamba wamewahi kuona hata unyevu. Mpaka alasiri Kisimani ilikuwa, kwa ushuhuda wa wakazi wake wote, sehemu kavu kuliko zote mkoani Mtwara.

Jioni, baada ya futari, msafara wa maneno ukaanza. Bi Sabra alikuwa amekuja kufuturu kwa binti yake, yuko chumba cha mbele. Shafii yuko uani na bakuli lake la uji. Mwanaidi mlangoni, kanga begani, amechoka hata kabla hawajaanza.

"Mwambie mama," Shafii alisema kwa sauti ya chini, "kwamba bila neno lake mtaro hautakuja."

"Mama, Baba Hawa anasema mtaro."

"Mwambie namshukuru kwa chokaa, imetulia sana mwaka huu," Bi Sabra alijibu kutoka chumbani.

"Anasema chokaa imetulia."

"Mwambie sikuzungumzia chokaa," Shafii alisema.

"Mama, anasema karibu."

"Mwanaidi."

"Wewe unataka nimwambieje? Kwamba alidanganya na amefunga? Njoo umwambie mwenyewe."

Kisha sauti ya Bi Sabra ikatoka chumbani, safari hii haikumsubiri mchukuzi. Haikusemwa kwa Shafii, ilisemwa kwa ukuta, lakini ukuta ule Shafii alikuwa upande wake wa pili.

"Kiwanja kile alikichagua yeye. Ndugu zake walimwambia ajenge Shangani, akasema hapana, pale pana upepo na kisima. Leo nikisema maji yanaingia, nimesema nini? Nimesema nililala miaka yote na mtu asiyejua kuchagua ardhi. Nendeni mkapimie nyumba za watu walio hai. Wao watajitetea."

Shafii aliuangalia uji wake ukipoa.

Kesho yake Neema alirudi, na hakuja na kishikwambi peke yake. Begani alikuwa amezungusha mpira mwangavu mrefu, ule ambao waashi huujaza maji ili kupata usawa wa msingi. Alisema kama watu hawataki kusema, angalau ardhi ipimwe. Akampa Shafii ncha moja aishike kwenye kizingiti cha Bi Sabra, ambaye alikuwa ametoka kwenda darsani kwa wanawake wenzake, na Yusufu akapewa ncha ya pili apande nayo barabarani.

"Usiuchezeshe," Neema alisema.

"Sichezeshi, mkono unatetemeka wenyewe, nimefunga," Yusufu alijibu. "Shafii, kwako maji yamesimama wapi?"

"Yananipanda."

"Yamefika wapi?"

"Yako kwenye kitasa cha mlango. Shusha kwako."

"Mimi nimeshaweka chini kabisa. Ncha imelala barabarani, karibu itaota mizizi."

Shafii alitazama maji ndani ya mpira. Yalikuwa yametulia sawia na kitasa, yeye amesimama kwenye kizingiti. Maana yake barabara aliyokuwa akiivuka kila siku, na ndoo yake ya chokaa, ilikuwa imekipita kizingiti kile kwa karibu kimo cha kiuno. Alikuwa ameipanda na kuishuka miaka yote na magoti yake hayakuwahi kumwambia kitu.

"Barabara hii ilikuwa juu hivi toka zamani?" Neema aliuliza.

"Wapi," Yusufu alisema. "Ilikuwa chini, maji yakipita hapo yanakwenda zao baharini. Iliinuliwa enzi zile gesi ilipopatikana Mtwara, kila mtu alipodhani atakuwa jirani wa Dubai. Malori yalimwaga kifusi wiki nzima. Tulishangilia. Mimi nilitoa hotuba."

"Mwaka gani huo?"

Yusufu akakuna kichwa. Lakini Shafii alikuwa ameshajibu, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Mwaka uliofuata baada ya kumzika Mzee Chande. Nakumbuka kwa kuwa arubaini yake wageni walikuja kwa njia ya chini. Hitima ya mwaka wakaja kwa njia ya juu."

Neema alipima na sehemu nyingine mpaka jua likawa kali. Kisimani haikuwa kilima, ilikuwa bakuli, na barabara ilikuwa ukingo wake. Lakini alipokunja mpira uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Hii inaonyesha maji yanaweza kuingia. Kikaoni wataniuliza, je, yaliingia? Na hapa nina karatasi za wenye nyumba wote, zinasema hapana. Siwezi kuandika kinyume cha maneno ya watu. Kesho saa tano napeleka."

"Na ukutani?" Shafii aliuliza. "Mstari ukipatikana?"

"Ukipatikana, na mwenye ukuta akikubali, hakuna atakayebisha. Lakini si umeshaufuta?"

"Chokaa haifuti, binti," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hizo mbili sauti yake ilikuwa ya fundi. "Chokaa inafunika."

Ndiyo sababu alasiri ile Bi Sabra, aliporudi darsani na Mwanaidi, alimkuta mkwewe amesimama mbele ya ukuta wa nyumba yake na brashi, akipaka mahali palipokwisha kupakwa na kukauka. Hakukohoa. Alikuwa amewapa mgongo. Mwanaidi alitaka kumwita, mama yake akamshika mkono.

"Wewe ukuta," Shafii alisema, akiendelea kupaka. "Wewe ukuta, nasema na wewe, sisemi na mtu mwingine. Aliyekujenga hakukosea. Alikujenga pakavu, na maji yalikuwa na njia yake. Barabara ndiyo iliyopanda, naye keshatangulia, hakuwepo wa kuwaambia wasimwage. Nimeiona leo kwa macho yangu, kwenye mpira wa maji. Na hata Yusufu amekiri, na alitoa hotuba." Akachovya brashi. "Mimi kila mwaka nakufunika tope, nikidhani nakusitiri. Sasa wenye ramani wanalitaka lile tope. Bila hilo, mwenye nyumba atakwenda zake Msimbati, na mke wangu atachambua mchele mpaka uishe. Hilo tu. Mengine unayajua, umesimama hapa siku zote."

Alikuwa amesema mbele ya mama mkwe wake maneno mengi kuliko aliyowahi kusema tangu siku ya posa, na posa yenyewe alisemewa.

Nyuma yake Bi Sabra akasema, "Mwanaidi, mumeo swaumu imempata, anaongea na kuta. Mwambie akalale."

"Baba Hawa," Mwanaidi alisema, "mama anasema ukalale."

"Nimesikia," Shafii alisema, akachukua ndoo yake akaondoka kwa njia ya nyuma.

Asubuhi iliyofuata alitoka kuswali alfajiri na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alipofika kona ya Kisimani alisikia mlio. Ulikuwa wa kukwangua, ule mlio wa ukoko unaotolewa kwenye sufuria, lakini hakuna anayetoa ukoko alfajiri ya Ramadhani. Akasogea. Kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kutambua watu, na watu walikuwepo: wanawake wa majirani, kanga vichwani, wamesimama wakitazama. Yusufu alikuwepo, na miwani yake alikuwa ameivaa. Na mbele ya nyumba, kanga ya pili imekazwa kiunoni, alikuwa Bi Sabra, ameshika kombe la pwani, gamba kubwa kama sahani, akiukwangua ukuta.

Chokaa ya mwaka huu ilikuwa imeshamwagika miguuni mwake kama unga. Chini yake ulitokea mstari wa tope, wa kahawia, umenyooka, kimo cha kiuno cha Bi Sabra mwenyewe. Akakwangua tena, kukatoka weupe wa mwaka mwingine, na chini ya weupe huo tope tena, kimo kingine. Weupe na tope, weupe na tope, kama mikate ya mofa iliyopangwa na kutiwa samli katikati. Kazi yote ya Shafii ilikuwa pale, Idi baada ya Idi, na baina ya kila Idi na Idi, mvua.

Neema alikuja mbio, nywele hajazisuka vizuri, Mwanaidi akiwa ndiye aliyemfuata Shangani. Akaanza kupima, akapiga picha, akapima tena. "Bibi, niandike kwamba..."

"Ngoja," Bi Sabra alisema. "Sijafika mwisho."

Aliendelea kukwangua, taratibu sasa, kwa ncha ya kombe. Na tabaka la mwisho la tope lilipodondoka, akasimamisha mkono. Akainama. Kisha akasema bila kugeuka, na wala hakumtafuta Mwanaidi:

"Baba Hawa. Njoo uangalie hapa."

Shafii alisahau kukohoa. Alipita katikati ya wanawake wale, akasimama kando ya mama mkwe wake, karibu kuliko alivyowahi kusimama. Juu ya lipu palikuwa na chokaa ya namna moja tu, ya zamani kabisa, na haikuwa nyeupe kama zake. Ilikuwa na buluu ya mbali. Bi Sabra akapitisha kombe kwenda chini, na buluu ikaendelea, safi, mpaka kwenye msingi. Hapakuwa na mstari wowote wa tope juu yake.

"Ya kwake hii," Bi Sabra alisema.

"Ndiyo, mama."

Akaiwekea kiganja.

"Haya, andika," alimwambia Neema. "Andika maji yanaingia, mpaka hapa, yamenitoa nyumbani mwangu kila mwaka. Halafu andika na hii ya chini. Wakati wake yalikuwa hayaingii. Ziandike zote mbili."

Neema akaziandika zote mbili. Na kabla hajamaliza, wanawake wakaanza kutawanyika, kila mmoja na kwake, na muda si mrefu mlio ule wa kukwangua ukasikika nyumba ya pili, kisha ya tatu, kisha upande wa pili wa mtaa, makombe, miiko, hata kifuniko cha sufuria. Shafii alisimama katikati ya Kisimani, chokaa yake yote ya Ramadhani ikimdondoka kulia na kushoto, Idi ikiwa keshokutwa.

Bi Sabra alikuwa anajifuta vumbi usoni kwa pindo la kanga. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mkwewe.

"Utaupaka tena kesho," alimwambia. "Na safari hii utie nili."